Muulize Fundi: Msala wa futi nne kwa sita

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na jambo moja, msala mdogo. Wengine wameuita bafu, wengine choo. Mimi nimezaliwa Kikwajuni, mjini Unguja, nikaukuta ukiitwa msala, na ndivyo nitakavyouita hapa. Kazi nimeianza kijana, nikimbebea mwashi ndoo za chokaa, baadaye nikajifunza paipu, na mpaka leo hiki ndicho chumba ninachokiangalia kwanza nikiitwa kwenye nyumba ya mtu. Sebule hupambwa kwa ajili ya wageni. Msalani mwenye nyumba huingia mara tano, sita kwa siku, alfajiri na usiku wa manane, mzima na mgonjwa.

Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna shida za nusu ya Mji Mkongwe.

*Assalaam alaykum Fundi. Tumehamia nyumba ya mama mkwe wangu, Malindi, vyumba vya chini. Msala ni futi nne kwa sita. Mlango uko upande wa kusini, dirisha dogo liko juu upande wa kaskazini. Ukifungua mlango unagonga beseni la kunawia. Sinki la choo liko mwisho, chini ya dirisha, na mama mkwe hulikalia kiupande kwa sababu akikaa sawa anaipa Kibla mgongo. Pipa la maji limekaa katikati. Ukuta mmoja ni wa mawe ya zamani na rangi yake hubanduka kila masika. Wa pili ni wa matofali ya saruji, ulijengwa baadaye kugawa chumba. Mume wangu anataka tuvunje ukuta tupanue, na aweke tangi juu ya dari tupate bomba la mvua. Mimi nauliza, marumaru nyeupe na kioo kikubwa havitatosha? (Mkazamwana, Malindi)*

Wa alaykum salaam, mwanangu. Ukuta msiuvunje. Nyumba za Malindi yetu ya Unguja zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na juu yake zimebeba dari ya boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliowafanya wazee wajenge vyumba vyembamba, vya mita mbili na nusu au tatu hivi. Ukitoa ukuta hujui ni boriti gani umeiachia hewani. Na Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo kabla ya kugusa ujenzi nendeni Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe mkaombe kibali. Tangi juu ya dari nalo mwambie aliache. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima imekaa juu ya miti. Liwekeni uani, juu ya nguzo zilizojengewa msingi wake wenyewe.

Sasa chukua chaki uingie msalani, ufanye kitu kimoja. Piga chaki sakafuni kila mahali ambapo mtu hawezi kukanyaga. Pipa la lita 200 lina upana wa karibu sentimita 58, lizungushie. Mlango wa sentimita 60 ukifunguka kwa ndani unafagia sakafu robo duara. Uchoree na huo. Sinki, beseni, ndoo, na pale penye kidimbwi kisichokauka. Msala wenu ni sentimita 120 kwa 180, lakini ukimaliza kuchora utaona kimebaki kipande cha kuweka nyayo mbili, na nyayo zenyewe zimetazama upande mmoja. Mtu huuona udogo wa msala miguuni kabla ya machoni. Huuona pale anapokusanya kanga asiilowanishe, akageuka, akagonga kiwiko. Ndiyo maana kioo peke yake hakitawasaidia: kitawaonyesha mapipa mawili.

Anzeni na mlango, ufunguke kwa nje. Hili nalisema kwa uchungu wangu mwenyewe. Marehemu mama yangu aliteleza msalani kwetu, akaanguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani. Tulikuwa watu wanne nje na hakuna aliyeweza kuusukuma bila kumuumiza. Bawaba zilikuwa upande wake. Ilibidi nikate ubao wa katikati kwa msumeno, nikiwa nazungumza naye, mpaka ndugu yangu mwembamba akapita. Na mimi fundi, mlango ule nilikuwa nimeutia kwa mikono yangu. Tangu siku hiyo sijatia tena mlango wa msala unaofunguka kwa ndani katika nyumba yenye mtu mzima, hata mwenye nyumba akilipa mara mbili.

Kama ukumbi wenu ni mwembamba na mlango ukifunguka kwa nje utawazuia wapitao, fanyeni kama walivyofanya wazee: mlango wa mbao mbili, nao pia ufunguke kwa nje. Tazama milango ya zamani hapo Malindi, ina mbao mbili. Mbao mbili za sentimita 30 kwa pamoja zinafagia nusu tu ya nafasi, na mtu anapita bila kusogea nyuma. Chini acheni uwazi wa sentimita mbili hewa ipite. Dirisha la juu haliwezi kutoa hewa ya ndani kama hakuna hewa inayoingia.

Pipa nalo litoke. Maji hayatoki kila saa, najua, na mama mkwe wako hawezi kukubali msala usio na maji ya akiba. Basi mjengeeni birika. Sisemi birika la chai, nasema lile hodhi la pembeni ambalo nyumba za pwani zimekuwa nalo kabla ya mifereji, yaani mabomba ya maji. Jengeni kwa tofali nyembamba, ndani sentimita 30 kwa 80, kimo cha maji sentimita 80. Hesabu utapata lita 192, karibu sawa na pipa lako, lakini hili limeshikana na ukuta mwembamba kama rafu, halimzuii mtu. Juu litiwe mfuniko wa mbao unaobana, maana mbu wa homa ya dengi hutaga kwenye maji safi yaliyotuama ndani ya nyumba. Lamu waliwahi kuweka ndani ya birika visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Nyinyi tieni mfuniko, na chini kabisa wekeni tundu lenye kizibo, birika lisuguliwe kila wiki. Kata ya kuchotea maji itundikwe msumarini juu yake, na msumari uwe wa shaba. Chuma cha kawaida kwenye chumvi ya Malindi hakimalizi mwaka bila kutia ukuta doa la kutu.

Sinki la choo. Kibla kwetu Unguja na Pemba ni kaskazini, karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo choo kitazame mashariki au magharibi, na fundi aliyekiweka chini ya dirisha alifuata paipu tu, hakumfikiria mwenye kukalia. Habari njema ni kwamba Kibla na vipimo vinakubaliana. Ukuta wenu mrefu unakwenda kaskazini na kusini. Sinki likihamia kwenye ukuta huo, upande wa matofali, mama atakaa sawasawa, na vitu vyote vitapangana mstari mmoja. Ukiingia tu, beseni dogo la sentimita 30. Kisha sinki, ambalo linataka sentimita 70 ili magoti na viwiko visibanwe. Yaani kutoka katikati ya sinki hadi kitu cha jirani zisipungue sentimita 35. Mwisho, chini ya dirisha, sentimita 80 za kuogea, na birika likae hapo hapo, limejipanga na ukuta wa kaskazini. Thelathini, sabini, themanini: 180. Hapo kwenye kuoga mtu atabaki na pungufu kidogo ya hamsini kwa mia na ishirini za kusimama, na ule upande wa ukuta wa mawe wote unabaki njia tupu kutoka mlangoni hadi dirishani. Huo uwazi mrefu ndio jicho litakaoufuata mtu akiingia.

Kuhamisha sinki ni kuchimba sakafu na kupitisha paipu mpya ya inchi nne hadi karo, yaani shimo la maji machafu, na iwe na mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita. Kwa kuwa mko chini, inawezekana. Angekuwa ameniandikia mtu wa ghorofani kwenye boriti ningemkataza.

Mkishachimba, sakafu yote itiwe mteremko upya, kuelekea tundu moja la maji chini ya dirisha. Msimwachie fundi aipime kwa jicho. Mimi huchukua kata moja ya maji nikaimwaga mlangoni kabla saruji haijawekwa marumaru, nikachutama nikatazama. Maji yakiondoka moja kwa moja, vizuri. Yakisita, yakafanya ulimi, yakarudi nyuma kidogo kama mtu aliyesahau kitu, pale pana shimo hata kama pimamaji inasema pako sawa, na pale ndipo pataota utelezi. Fundi akikasirika ukimwaga kata yako, mwache akasirike. Kizingiti cha kuzuia maji msijenge. Mama mkwe atakikwaa usiku. Sehemu ya kuogea iteremke sentimita mbili tu chini ya sehemu nyingine, bila ngazi.

Sasa kuta. Ule wa mawe unabanduka rangi kwa sababu mtu aliupiga lipu ya saruji na rangi ya mafuta. Jiwe la matumbawe na chokaa hupumua. Unyevu hupanda kutoka ardhini ukatokea usoni mwa ukuta ukakauka. Ukiufunga kwa saruji, unyevu hubaki ndani na chumvi yake, mpaka usukume rangi itoke. Niliwahi kulifanya kosa hili kwenye nyumba moja Mkunazini, miaka mingi iliyopita. Nilipanga marumaru juu ya ukuta wa mawe hadi darini, nikasifiwa. Baada ya masika mbili ziliangukia ndani ya beseni, na nyuma yake ukuta ulikuwa laini kama mkate uliolowana. Nilirudi kuurekebisha bila malipo. Basi banduweni ile saruji, mpigie lipu ya chokaa, muipe wiki kadhaa ishike taratibu, kisha mpake chokaa nyeupe. Kila mwaka au miwili mpake tena, si gharama. Marumaru ziende kwenye ukuta wa matofali na kwenye eneo la kuogea, hadi kimo cha mtu.

Kabla ya kupiga lipu, gongeni ule ukuta wa mawe kwa kifundo cha kidole, kipande kwa kipande. Nyumba nyingi za namna hiyo zilikuwa na zidaka, yaani vishubaka vya ndani ya ukuta, zilizozibwa baadaye kwa mawe na udongo, na mlio wake ni tofauti, kama wa ngoma iliyolegea. Mkikipata kidaka, kionyesheni kwa mtu wa Mamlaka, kifunguliwe kilivyokuwa. Sabuni, mafuta, miswaki, vyote vitakaa ndani ya unene wa ukuta na havitachukua hata sentimita moja ya njia yenu. Lakini msichonge kipya.

Kioo na weupe ulivyouliza, sasa ndiyo. Kioo kirefu juu ya beseni, kwenye ukuta wa matofali, kiinuke hadi karibu na dari ili kidake mwanga wa lile dirisha la juu. Kwa kuwa wengi wetu tunaoga maji ya baridi, hakitafungwa na mvuke. Mkipata Jumapili ya kutembea, nendeni Kidichi mkaone mabafu aliyoyajenga Seyyid Said mwaka 1850. Mwanga uliingilia juu ukashukia kwenye kuta nyeupe, na mtu aliyesimama ndani ya chumba kidogo kama kile hajihisi kubanwa. Dirisha lenu la kaskazini linaweza kufanya kazi ileile, ila litoeni lile pazia na mlisafishe vioo. Msisogeze kitu chochote mbele yake.

Na mfereji wa bomba la mvua uwe na mwenzake wa chini, kimo cha goti, wa kutilia udhu na kujazia ndoo. Mama mkwe wako asilazimike kuinua mguu ndani ya beseni.

*Fundi, sisi tunakaa ghorofa ya tatu Michenzani. Nimesikia marumaru kubwa hufanya bafu dogo lionekane pana. Nataka kuweka za sentimita 60 kwa 60 juu ya sakafu ya zamani, nisisumbuke kuvunja. Jirani wa chini amewahi kutaja madoa kwenye dari yake, lakini si makubwa. (Baba wa watatu, Michenzani)*

Kaka yangu, jambo kubwa umeliweka mwisho. Madoa kwenye dari ya jirani ni maji yako. Ukipanga marumaru mpya juu ya zile za zamani, maji yataendelea kupita chini kwa chini, na wewe utakuwa umeongeza sakafu sentimita mbili na umeua mteremko uliokuwapo. Vunja. Sakafu ikiwa tupu, paka dawa ya kuzuia maji mara mbili, na ipande ukutani sentimita 15 hadi 20 pande zote, kwa uangalifu zaidi kwenye kona na kuzunguka tundu la maji. Ikikauka, ziba tundu, mwaga maji yafike kina cha vidole viwili, uyaache saa 24. Kesho yake shuka kwa jirani, bisha hodi, mwombe uitazame dari yake pamoja naye. Usimtume mtoto.

Kuhusu ukubwa wa marumaru, waliokwambia wamesema nusu. Ukutani, ndiyo, kubwa zina maungio machache na jicho halikatikikatiki. Sakafuni penye kuogea hazifai. Sakafu lazima iinamie tundu kutoka pande nne, na kipande cha 60 kwa 60 hakikunjiki. Fundi atakikata vipembe vipembe au atakilaza bapa. Weka ndogo za sentimita kumi au pungufu, zenye ukwaruzo, rangi ileile ya ukutani. Miguu itashika, maji yatakwenda, na kwa kuwa rangi haikubadilika chumba hakitaonekana kimekatwa.

*Salaam kutoka Wete. Alhamdulillahi karafuu zimetupa, tumemaliza msingi wa nyumba. Ramani inaonyesha msala wa futi sita kwa tano. Mume wangu anataka kuukata uwe futi tatu kwa nne ili sebule iongezeke. Tuko watu saba, wanne wanakwenda skuli asubuhi. Nimwambie nini? (Mama Skuli, Wete)*

Dada yangu, usimwambie kitu. Mchoree. Chukueni jivu au chokaa, mchore uani mstatili wa sentimita 90 kwa 120. Ndani yake weka kiti mahali pa sinki na ndoo pembeni, kisha mwombe aingie, ajifanye anaoga, ainame kuchota, ajimwagie, avae kikoi. Afanye kweli, si kwa kusimulia. Watu wengi nimewachorea hivi, na wanaume warefu ndio huwa wa mwanzo kuomba mstari usogezwe.

Ila mimi ningeibadilisha hata ile ramani ya mwanzo. Watu saba na msala mmoja, hata uwe mpana, asubuhi ni foleni: mmoja anaoga na watatu wamebana. Zile futi sita kwa tano zigaweni kwa ukuta mwembamba. Ukiondoa unene wa ukuta mtapata vyumba viwili, kila kimoja upana wa karibu sentimita 84 na urefu wa 150. Kimoja choo, kimoja bafu, paipu zote kwenye ukuta wa katikati, karo moja. Ni vidogo, nakubali, lakini kila kimoja kina kazi moja na kinaifanya vizuri. Choo chenye upana huo kinatosha kukaa bila kugusa ukuta, na mbele ya sinki kinabaki sentimita 80. Madirisha yawe juu, upande wa kusini na upande wa kaskazini kama nyumba ilivyokaa, kusi na kaskazi zote zipite. Milango isitazamane na sebule. Mgeni asione, na mwenye kutoka asionekane.

Na yeye sebule yake mwongezee baraza. Wageni wakizidi hukaa barazani, na msala hauna baraza.

Moja zaidi, kwa sababu mko kwenye msingi na bado mna nafasi ya kuamua. Pemba ni vilima na mabonde. Karo lichimbwe upande wa chini wa kisima, kamwe si juu yake, na mimi siweki chini ya mita 30 kati yao.

*Msala wetu ni mdogo, tumeupamba vizuri, tumetia marumaru na taa. Lakini tukirudi safari tunakuta unanuka na mende wamejaa. Tunamwaga dawa kila wiki. (Msomaji, Jang'ombe)*

Dawa acheni. Chini ya tundu la sakafuni kuna mkunjo wa paipu ambao unatakiwa kubaki na maji kiasi cha sentimita tano, na maji hayo ndiyo mlango kati yenu na karo. Mkisafiri yanakauka, mlango unakuwa wazi. Kabla ya kuondoka mwageni ndoo ya maji, na juu yake kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia; mafuta yanaelea na kuzuia maji yasikauke haraka. Kama unanuka hata mnapokuwapo, basi fundi wenu hakuweka mkunjo. Inueni kile kichujio mmulike kwa tochi. Msipoona maji, mwiteni.

*Mwanangu Fundi, mimi ni bibi wa Makunduchi, naandikiwa na mjukuu wangu. Wajukuu wanataka kunijengea msala mpya ndani, na bomba la mvua. Msala wangu wa nje ni mdogo lakini naujua hata gizani. Mimi naoga kwa kata. Goti la kulia halikunji vizuri. Wanasema mambo ya kata yamepitwa. Nisemeje?*

Bibi yangu, shikamoo. Kata yako ibaki. Mwenye goti bovu kusimama chini ya bomba la mvua na macho yamejaa sabuni ni hatari kuliko kukaa na kuchota. Wajukuu nawaomba wajenge hivi: kiti cha kujengewa, cha tofali na saruji, kilichoshikana na ukuta, upana sentimita 40, uso wake umelainishwa na umeinama kidogo maji yasitulie. Birika liwe kulia au kushoto kwake, kwa mkono anaochotea bibi, na ukingo wake usizidi kimo cha kiwiko akiwa amekaa. Bomba la mvua watie upande wa pili, wao waoge. Hawatagombana.

Ukutani patiwe vishikio viwili vya chuma kisichoshika kutu, kimoja cha kukaa na kuinuka kando ya choo, kimoja kando ya kiti. Vifungwe kwa boliti zinazoingia ndani ya tofali; skrubu za plastiki za kuning'inizia taulo zitang'oka siku bibi atakapovitegemea kweli. Taa iwe na swichi nje ya mlango. Na vitu vya msala mpya vipangwe upande uleule vilivyokuwa kwenye ule wa zamani, birika palepale, mlango palepale, ili mguu wako usijifunze upya usiku.

Kimo cha kiti siwezi kukuandikia kutoka hapa. Mwambie huyo mjukuu aliyeshika kalamu akukalishe kwenye kiti unachoinuka bila kusaidiwa, apime kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, lile la kulia, kisha apime na la kushoto, aniandikie vyote viwili.